CBCT ya eneo dogo kwa mizizi isiyo ya kawaida: tathmini ya kazini

Eksirei ya kawaida ya jino ni kivuli. Vyote vilivyo kati ya mashine na sensa hulaliana: mzizi wa upande wa shavu juu ya mzizi wa upande wa kaakaa, mfereji mmoja wa ndani ya mzizi mbele ya mwenzake, na mfupa wa shavu ukiwafunika wote. Jino likiwa la kawaida, kivuli hicho kinatosha. Likiwa na mzizi wa ziada, mfereji uliojikunja kama herufi C au ncha iliyopinda kuelekea shavuni, kivuli hicho hicho humponza daktari. Hapa tunaipima picha ya CBCT (eksirei ya pande tatu inayopigwa kwa miale ya umbo la koni) ya eneo dogo kwa kazi moja tu, nayo ni kuonyesha mizizi iliyotoka nje ya mazoea. Habari za vipandikizi na za kupanga meno kwa nyaya hatuzigusi.

Tuseme hukumu yetu mapema. Kwa umbo la mzizi hakuna picha ya kliniki inayoishinda, lakini zamu yake ni ya pili. Zinazotangulia ni eksirei mbili za kawaida zilizopigwa kwa pembe tofauti, pamoja na sakafu ya chemba ya jino (uwazi wa ndani ambako mifereji huanzia) iliyosafishwa ikaonekana vizuri. Anayeziruka hizo humpa mgonjwa mionzi ya bure.

Unachopata hasa

Mashine huzunguka kichwa, kwa kawaida kwa sekunde 10 hadi 20, ikipiga mamia ya picha za mfululizo. Kompyuta huziunganisha kuwa umbo moja lililojengwa kwa vijichemraba viitwavyo vokseli, nawe unalikata kwenye skrini upande wowote unaotaka. Teknolojia hii iliingia katika tiba ya meno mwishoni mwa miaka ya 1990, Italia na Japani karibu kwa wakati mmoja. Mozzo na wenzake walichapisha mashine yao mwaka 1998, Arai na wenzake mwaka 1999. Kundi la Arai ndilo lililolenga eneo dogo tangu mwanzo, na urithi huo ndio unaotufaa kwenye mizizi.

Jambo la kwanza la kuuliza kituo cha picha ni ukubwa wa vokseli. Jina la mashine linaweza kusubiri. Mfereji mwembamba wa gego la juu mara nyingi haufiki nusu milimita kwa upana. Vokseli ya milimita 0.3 au 0.4, inayotosha kuona unene wa mfupa, itaumeza mfereji huo usionekane kabisa. Kwa mizizi, omba milimita 0.125 au chini yake. Mashine nzuri hushuka hadi karibu 0.08. Vokseli ndogo ina gharama yake, kwani picha huja na chengachenga, na kuziondoa kunadai mionzi zaidi au muda mrefu zaidi. Muda ukiongezeka, mgonjwa akimeza mate tu kingo za mizizi huonekana mbilimbili.

La pili ni eneo. Mche wa takriban sentimita 4 kwa 4 au 5 kwa 5 unatosha jino moja na majirani zake. Kituo kikikupigia taya zote mbili ilhali swali lako ni la jino moja, kimekuharibia mara mbili: mionzi imeongezeka, na mara nyingi vokseli imekuwa kubwa.

Kuhusu mionzi, mwongozo wa Ulaya wa SEDENTEXCT wa mwaka 2012 unaweka eksirei moja ya ndani ya kinywa chini ya maikrosieverti (kipimo cha mionzi) 1.5, na CBCT ya meno na mfupa unaoyashika kati ya 11 na 674. Upana wa tarakimu hizo unatokana na tofauti za mashine, eneo na mipangilio. Kwa vyovyote, hata kipimo cha chini kabisa ni mara kadhaa ya eksirei moja. Kwa mtoto swali liwe zito zaidi kabla ya kuandika fomu.

Gego la kwanza la juu, ambako picha hii hujilipa

Gego hili lina mizizi mitatu, na wa mbele upande wa shavu ni mpana kutoka shavuni kwenda kaakaani, kama maharage yaliyobanwa. Ndani yake, katika zaidi ya nusu ya meno haya, kuna mfereji wa pili ambao madaktari huuita MB2. Kwenye eksirei bapa hujificha nyuma ya wa kwanza, kwa sababu miale hupita kwenye mstari ule ule ulioipanga mifereji miwili. Ukiachwa bila kusafishwa, bakteria hubaki humo na uvimbe wa ncha ya mzizi huendelea hata kama mifereji mingine mitatu imejazwa vizuri.

CBCT huuonyesha, ila kwa masharti. Usitumie mkato wa mlalo uliokuja na programu, maana huo hufuata kichwa cha mgonjwa. Geuza mhimili ulale sambamba na mzizi wenyewe, kisha shuka polepole kutoka sakafu ya chemba hadi ncha. Unatafuta nukta mbili nyeusi ndani ya mzizi mmoja. Ukiona nukta moja, angalia imekaa wapi: mfereji wa pekee hukaa katikati ya mzizi wake. Nukta ikiwa imesogea kwenye ukingo wa shavu na kuacha dentini (sehemu ngumu ya jino iliyouzunguka mfereji) nyingi upande wa kaakaa, chukulia kwamba kuna wa pili ambao vokseli imeshindwa kuutenga.

Kwenye kiti, tafuta mdomo wake takriban milimita 2 hadi 3 upande wa kaakaa kutoka mfereji wa kwanza, mbele kidogo ya mstari unaounganisha mfereji huo na ule wa kaakaani. Mara nyingi kibaraza cha dentini huufunika. Kiondoe kwa ncha nyembamba ya ultrasoniki, kidogo kidogo, chini ya hadubini au angalau miwani ya kukuza. Faida kubwa ya picha ni kwamba inakupa kina. Ikionyesha kwamba mdomo uko milimita 1.5 chini ya sakafu unayoiona, unajua uende hadi wapi na usimame wapi. Kuchimba bila kipimo hicho ndiko kunakotoboa panda ya mizizi, yaani mahali mizizi inapoachana.

Sasa udhaifu wake. Jino likiwa tayari limejazwa gutapecha (mpira wa kuzibia mifereji) au lina nguzo ya chuma ndani ya mzizi, michirizi myeusi hutokea kando ya vitu hivyo na hufanana kabisa na mfereji uliosahaulika. Dalili ya kuamini ni nukta inayoendelea mkato baada ya mkato huku ikifuata njia ya mzizi. Mchirizi kwa kawaida hunyooka, hutoka nje ya mzizi na kuvuka mfupa bila kujali anatomia. Tena, kutouona mfereji kwenye picha hakuthibitishi kwamba haupo.

Mzizi wa tatu wa gego la chini

Gego la kwanza la chini hutarajiwa kuwa na mizizi miwili, wa mbele na wa nyuma. Wa tatu ukitokea upande wa ulimi, nyuma, huitwa *radix entomolaris*, nao ulielezwa na Carabelli mwaka 1844. Ukitokea upande wa shavu ni *radix paramolaris*, uliotajwa na Bolk mwaka 1915, na huo ni nadra zaidi. Ule wa upande wa ulimi ni wa kawaida kwa watu wa Asia Mashariki na kwa jamii za asili za Aktiki. Kwa watu wa Ulaya na Afrika ni wa wachache.

Hapa eksirei ya pili hufanya kazi nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Sogeza tyubu digrii 20 hivi kuelekea mbele ya taya na mzizi wa nyuma utagawanyika kuwa mistari miwili. Ukifungua jino na kukuta mdomo wa mfereji wa nyuma umeegemea shavuni badala ya kuwa katikati, sakafu yenyewe imekwambia utafute mwenzake upande wa ulimi. Krasner na Rankow, katika kazi yao ya mwaka 2004, waliieleza kanuni hii ya ulinganifu: midomo ya mifereji hukaa kwa umbali sawa kutoka mstari wa katikati wa sakafu, isipokuwa kwenye magego ya juu. Sakafu huwa na rangi ya giza kuliko kuta, na midomo hukaa pale rangi hizo zinapokutana.

Kwa nini basi kupiga CBCT? Kwa sababu ya mpindo. Mzizi huu huanzia upande wa ulimi kisha hujikunja kuelekea shavuni, yaani kwenye mwelekeo ule ule wa miale. Eksirei huuona umenyooka. Daktari akiamini hivyo hushusha faili la mashine (kisindano cha chuma cha kusafishia mfereji) kwa nguvu, na likivunjika humo kulitoa ni kazi ngumu. De Moor na wenzake mwaka 2004 waliugawa katika aina tatu: ulionyooka, uliopinda mwanzoni kisha ukanyooka, na uliopinda mwanzoni kisha ukapinda tena kuelekea shavuni. Ile ya tatu ndiyo inayovunja vyuma. Picha ikikuonyesha aina hiyo, panua mlango wa chemba kutoka pembetatu hadi mstatili ulioelekea ulimini, fungua theluthi ya juu ya mfereji kwanza, na upite kwa faili la mkono namba 8 au 10 ulilolikunja mapema kabla ya kuingiza chombo chochote cha kuzunguka.

Kwa anayeng'oa, mzizi huu ni mwembamba na una kulabu. Kutikisa jino upande mmoja kwa nguvu huuvunja na kuuacha ndani, karibu na ukuta mwembamba wa mfupa upande wa ulimi. Ni salama zaidi kuligawa jino na kutoa kila mzizi kwa njia yake.

Mfereji wa umbo la C

Kama tungeruhusiwa kuchagua jino moja tu la kulipigia CBCT kabla ya tiba, tungechagua gego la pili la chini lenye mizizi iliyoungana. Wakati mzizi unajengwa, ala ya Hertwig (tishu inayochonga umbo la mzizi) ikishindwa kuungana upande mmoja, mara nyingi ule wa ulimi, mzizi hutoka mmoja wenye mfuo mrefu. Ndani yake mifereji huungana kwa utando mwembamba na kuchora herufi C. Cooke na Cox waliueleza mwaka 1979 kama jambo la tiba, Melton akatoa uainishaji mwaka 1991, na Fan akauboresha mwaka 2004 kwa kuutazama mzizi kwa mikato mingi.

Sababu ya mikato mingi ni hii: umbo halibaki lile lile. Sakafuni unaweza kuona C kamili, katikati ya mzizi mifereji miwili iliyojitenga, na karibu na ncha C tena. Eksirei bapa inaonyesha mzizi mnene kama koni, pengine na kivuli cha katikati kinachofanana na mfereji wa tatu. Hapo CBCT haina mshindani. Pitia mikato kwa hatua za milimita moja na andika umbo la kila kiwango kabla ya kufungua jino.

Zaidi ya umbo, pima ukuta. Upande wa mfuo ndio mwembamba, na huko ndiko mzizi unakotobolewa na drili za kupanua. Programu zote za kutazamia zina rula. Pima kutoka ukingo wa mfereji hadi nje ya mzizi kwenye theluthi ya kati. Ukipata chini ya milimita moja, usipeleke chombo kikubwa huko. Utando unaounganisha mifereji husafishwa na maji ya sodiamu haipokloraiti yanayotikiswa kwa ultrasoniki, chuma hakiufikii. Kujaza kwa gutapecha ya baridi peke yake huacha mianya. Gutapecha ya moto hutiririka ndani ya utando vizuri zaidi. Na nguzo, kama jino haliwezi kusimama bila nguzo, isiwekwe upande wa mfuo.

Meno mengine, kwa ufupi

Gego dogo la kwanza la chini ni jino la hila. Kwenye eksirei mfereji unaonekana mpana, kisha unakatika ghafla katikati ya mzizi. Kukatika huko kunamaanisha umegawanyika, na tawi la upande wa ulimi huondoka kwa pembe kali. CBCT hukupa kiwango cha mgawanyiko, nasi tunaiunga mkono hapa bila kusita. Meno ya mbele ya chini nayo mara nyingi huwa na mifereji miwili, ila kwa kawaida huungana kabla ya ncha. Eksirei ya pembe na mlango uliorefushwa kuelekea ulimini vinatosha. Kuyapigia CBCT ni kupoteza.

Taurodontia, ambayo Keith aliipa jina mwaka 1913 na Shaw akaigawa daraja tatu mwaka 1928, huonekana wazi kwenye eksirei ya kawaida: chemba ndefu kama ya ng'ombe, panda ya mizizi imeshuka chini. Kama jino ni la kung'olewa, picha hiyo inatosha. Kama ni la kutibiwa mzizi, sakafu iko mbali sana na mwanga haufiki vizuri, hivyo CBCT ina nafasi yake, ingawa hadubini ndiyo inayookoa kazi. Ukiikuta kwenye magego mengi ya mtu mmoja, kumbuka kwamba huambatana na hali kama sindromu ya Klinefelter na baadhi ya aina za kasoro za kurithi za enameli.

Mpindo mkali wa mzizi kwenye jino la mbele la juu mara nyingi hutokana na jino la utotoni lililosukumwa ndani ya ufizi kwa ajali. Ukielekea kwenye miale, ncha huonekana kama duara lenye nukta katikati. Kabla ya kulivuta jino kama hilo lililofukiwa, picha ya CBCT ni lazima kwa maoni yetu, kwani mpindo ukiwa mkali ncha inaweza kutoboa mfupa wakati wa kuvutwa.

Lulu ya enameli (kidonge cha enameli kilichoota kwenye mzizi) kwenye panda ya magego ya juu huchanganywa na ugaga au jiwe la ndani ya chemba. CBCT huitambua mara moja kwa mng'ao wake na mahali ilipo. Umuhimu wake ni kwamba nyuzi za ufizi hazishiki enameli, hivyo mfuko wa usaha huundwa hapo na kusafisha kwa kukwangua hakusaidii mpaka lulu yenyewe iondolewe. Mfuo wa upande wa kaakaa kwenye jino la pili la mbele la juu huleta mfuko kama huo, mwembamba na wenye kina, lakini huo hugunduliwa kwa kipimo cha ufizi kwanza. Picha ije kuuliza mfuo umeshuka hadi wapi. Kwa jino lililojikunja ndani yake, aina ya tatu katika uainishaji wa Oehlers wa mwaka 1957, ambapo mkunjo hupenya hadi nje ya mzizi, usianze bila CBCT.

Mahali ambapo tumeiona dhaifu kuliko sifa zake ni kwenye magego mawili ya juu yaliyoshikana kwa simenti ya mizizi (tabaka gumu la asili linalofunika mzizi), mara nyingi la pili na la tatu. Simenti hiyo inaweza kuwa nyembamba kuliko uwezo wa vokseli. Picha huonyesha ukaribu lakini si mara zote kama yameshikana kweli. Ukishuku, mwambie mgonjwa kabla kwamba meno mawili yanaweza kutoka pamoja, na uyatenganishe kwa drili kuliko kuvuta ukavunja mfupa wa nyuma ya taya.

Kuagiza na kusoma

Fomu iliyoandikwa "CBCT ya meno" huleta picha mbaya. Andika namba ya jino, mfano 16 (gego la kwanza la juu kulia) au 37 (gego la pili la chini kushoto), swali lenyewe, eneo na vokseli. Mgonjwa avue meno bandia na hereni. Taya zitenganishwe kwa kipande cha pamba au cha kung'ata ili vyuma vya taya la pili visiingie kwenye eneo. Kama jino limeshafunguliwa na mfereji haupatikani, toa chuma chote cha ndani, weka pamba na kifuniko cha muda kisichong'aa kwenye eksirei, kisha peleka. Picha ya katikati ya tiba namna hii huonyesha njia uliyochimba ikilinganishwa na mfereji wenyewe. Tamko la pamoja la AAE na AAOMR, vyama vya Marekani vya madaktari wa tiba ya mizizi na wa picha za kinywa, lililosasishwa mwaka 2015, linaiunga mkono CBCT ya eneo dogo kwa hali hii na kwa meno yanayoshukiwa kuwa na mifereji ya ziada.

Usikubali karatasi yenye picha nne zilizochapishwa. Mkato ulioteuliwa na mwingine umejibu swali la mwingine. Dai faili kamili za DICOM (muundo wa kompyuta wa picha za tiba), na uthibitishe zinafunguka kabla mgonjwa hajaondoka. Soma eneo lote, kwa sababu uvimbe wa jino jirani au wa sinasi ukiwemo humo ni wajibu wako kuusema. Kichujio cha kunoa picha kizime kwanza: kinapendeza, lakini huzua mistari inayofanana na mipasuko. Tukigusia mipasuko, mpasuko wa wima kwenye mzizi uliojazwa usiutegemee kwenye CBCT. Mfupa uliolika kando ya mzizi na mfuko mwembamba wa ufizi vina ushahidi bora.

Urefu wa mfereji uliopimwa kwenye skrini ni makadirio ya kuanzia. Kwenye mzizi uliopinda, rula ya mstari mnyoofu hupunguza urefu halisi, hivyo pima kwa kufuata mpindo kwa vipande vifupi, kisha thibitisha kwa kifaa cha umeme cha kutafuta ncha ya mzizi huku faili likiwa ndani.